Siku nne kuyafuata maji: kutoka barafu ya Jungfrau hadi mto Aare mjini Bern

Kila ikifika Juni, sisi Watanzania tunaoishi huku kusini mwa Ujerumani huanza kuulizana nani ataelekea wapi wakati wa kiangazi. Likizo ni fupi, nauli hupanda shule zinapofungwa, na wengi wetu huwa tuna ndugu waliokuja kututembelea ambao hatupendi warudi nyumbani wakiwa wameona sebule zetu tu. Ndipo hupangwa zile ratiba ndefu: Paris siku moja na nusu, Brussels mchana mmoja, Amsterdam usiku mmoja, kisha safari ya kurudi. Nami nilisafiri hivyo miaka mitatu iliyopita kwa basi la kampuni moja ya matembezi, miji mitano kwa siku sita, na ninachokikumbuka zaidi ni maegesho ya mabasi, foleni za vyoo vya kulipia na sauti ya kiongozi akituhimiza kwamba zimebaki dakika 40. Picha ninazo nyingi, lakini nyingine siwezi kusema nilipigwa mji gani mpaka nisome kibao cha barabara kilicho nyuma yangu.

Mwaka huu niliamua kusafiri kwa namna nyingine, na sababu ni Mama. Alikuja kunitembelea Freiburg kwa miezi miwili akitokea Marangu, ambako alifundisha shule ya msingi kwa miaka 34, somo lake kubwa likiwa jiografia. Ana umri wa miaka 67. Katika miaka hiyo yote ameamka akiitazama Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, pale mawingu yanaporuhusu, amekunywa maji yake, amemwagilia migomba kwa mfongo, yaani mfereji wa maji unaoteremka kutoka msituni, lakini hajawahi kufika ilipo barafu. Mtu wa mlimani katika ukoo wao alikuwa kaka yake, yaani mjomba wangu, aliyeongoza wageni katika njia ya Marangu kwa zaidi ya miaka 20. Nilipomwonyesha Mama orodha yangu ya miji, alivaa miwani, akaisoma yote hadi mwisho, kisha akaniambia: "Mwanangu, miji hii ni mizuri, lakini nikirudi nitaulizwa niliona nini, na sitakuwa na la kujibu. Nipeleke mahali pamoja ambapo nitaishika barafu kwa mkono wangu."

Nikakaa na ramani. Wazo lililonijia ni kwamba tuchague maji mamoja tu, tupande hadi yanakoanzia, kisha tuteremke nayo taratibu mpaka yafike kwenye mji wa maana, na hapo ndipo safari yetu iishie. Nilichagua mto Lütschine nchini Uswisi, ambao hutoka kwenye barafu za milima ya Jungfrau, Mönch na Eiger, hupita bonde la Lauterbrunnen, humwagika katika ziwa la Brienz, na kutoka hapo maji yake huendelea na mto Aare kupitia ziwa la Thun hadi Bern. Zilikuwa siku nne, na sijawahi kuridhika na safari ya kiangazi kama hii.

Kutoka Freiburg ni treni hadi Basel, kisha Bern, kisha Interlaken, na treni ndogo ya mwisho ya dakika 20 hivi hadi Lauterbrunnen. Ukiondoka asubuhi, adhuhuri uko bondeni. Kwa wenye wageni kutoka nyumbani, niseme jambo moja ambalo watu huniuliza mara kwa mara: Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya, lakini imo katika eneo la Schengen tangu Desemba 2008, kwa hiyo viza ya Schengen aliyopewa Mama ilitosha. Fedha ndiyo tofauti, kwani huko ni faranga, na bei za vyakula zitakushtua hata kama umeishi Ujerumani miaka mingi. Sisi tulinunua mkate, jibini na matunda dukani mapema, kwa kuwa maduka mengi hufungwa saa za jioni na Jumapili.

Bonde la Lauterbrunnen lilichongwa na barafu zama za kale, na mtu yeyote huliona hilo kabla hajaambiwa, kwa sababu sakafu yake imenyooka kama uwanja na kuta zake za mawe zinasimama wima mamia ya mita kila upande. Wenyeji huhesabu maporomoko 72 katika bonde hilo. Jina lenyewe la kijiji hufasiriwa kuwa chemchemi zilizo safi na angavu. Poromoko linalojulikana zaidi, Staubbach, linashuka karibu mita 300, na tafsiri ya jina lake ni kijito cha vumbi. Mama alisimama chini yake kwa muda mrefu akiwa amekinga macho kwa kiganja. Maji yanaruka kutoka ukingoni yakiwa mengi, lakini yakifika katikati ya safari upepo huyapasua, yanakuwa mvuke mweupe unaosogea kushoto na kulia kama pazia, na mengine hayaonekani kabisa yakigusa ardhi. "Hayaanguki haya," alisema, "yanapeperuka." Tulipogeuka kuondoka, nywele zake zilikuwa zimejaa matone madogo kama umande wa asubuhi juu ya majani ya mgomba.

Hatukulala bondeni. Tulipanda kwa treni ya reli ya meno hadi Wengen, kijiji kilicho kwenye mwinuko wa mita 1,274 ambako magari ya watu hayafiki na mizigo hubebwa kwa vigari vya umeme. Ningemshauri kila anayekwenda pande hizo alale juu badala ya chini. Wageni wa mchana wakishaondoka na treni za jioni, kijiji kinarudi kwa wenyewe, unasikia njuga za ng'ombe na maji, basi. Mwinuko huo pia haupishani sana na wa Marangu, na nadhani ndiyo maana Mama alilala usingizi mzito kuliko alivyolala Freiburg wiki zote zilizotangulia.

Jioni ile tuliona jambo ambalo hakuna kitabu cha watalii kilichonitajia. Kwenye mteremko mkali chini ya njia, mzee mmoja alikuwa akikata majani kwa fyekeo la mpini mrefu, na mkewe alikuwa nyuma yake akiyageuza kwa reki ya mbao ili yakauke. Mama alisimama, akaweka mkoba wake chini, akawatazama wanavyofanya kazi kama dakika kumi, bila haraka, kwa macho ya mtu anayeijua kazi ile. Kisha akaniambia nimuulize yule mama wana ng'ombe wangapi. Walikuwa saba, na wote walikuwa juu zaidi kwenye malisho ya kiangazi, ambako hupandishwa mwanzoni mwa majira na kuteremshwa Septemba. Majani haya ni ya kuwalisha wakati wa theluji. Mama akaeleza, nami nikitafsiri kadiri nilivyoweza, kwamba kwetu ng'ombe hukaa zizini kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, mwaka mzima, na majani hutoka tambarare ya chini yakiwa yamebebwa kichwani. Yule mama aliacha reki yake. Aliuliza mzigo mmoja ni kilo ngapi, na mlima wenyewe ni mkali kiasi gani. Walizungumza kwa kupitia mimi hadi jua likatoweka nyuma ya ukuta wa bonde, na tulipoondoka walipeana mikono miwili.

Siku ya pili ndiyo ilikuwa ya barafu. Nauli ya kupanda hadi Jungfraujoch, kituo cha treni kilicho juu kati ya vilele vya Jungfrau na Mönch, ni kubwa, zaidi ya faranga 200 kwa mtu mmoja kwenda na kurudi kwa bei kamili ya kiangazi, nami niliiwekea akiba kwa nusu mwaka. Ndiyo maana nasisitiza: usinunue tiketi kabla hujaangalia picha za moja kwa moja za kamera zilizofungwa juu, ambazo huonyeshwa kwenye mtandao na kwenye skrini za vituo. Kama juu kuna ukungu, tembea bondeni siku hiyo na upande kesho. Jambo la pili ni afya. Kituo cha juu kiko mita 3,454, nawe unafikishwa huko ukiwa umekaa, mwili haujapata muda wa kuzoea hewa nyembamba. Nilimpeleka Mama kwa daktari wiki mbili kabla ili apimwe presha, na tulipofika alitembea kwa mwendo ambao mjomba aliwafundisha wageni maisha yake yote ya kazi. "Polepole," alikuwa akijiambia kwa kila hatua, "polepole."

Reli yenyewe ni kazi ya kustaajabisha. Adolf Guyer-Zeller, mfanyabiashara wa viwanda kutoka Zürich, alianza kuijenga mwaka 1896 na akafariki mwaka 1899 kabla hajaona mwisho wake. Treni ilifika juu mwaka 1912, baada ya miaka 16. Zaidi ya kilometa 7 za njia yake zimo ndani ya mwamba wa Eiger na Mönch. Njiani treni husimama kwenye kituo cha Eismeer, ambako madirisha yametobolewa katika jabali, na hapo Mama aliiona kwa mara ya kwanza barafu iliyopasuka vipande vikubwa kama majengo, ikiwa chini yetu, yenye mikunjo kama nguo iliyotupwa.

Juu kuna mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya wageni, na mengi ya hayo tuliyapita tu. Tulichokitafuta kilikuwa ukumbi uliochongwa ndani ya barafu yenyewe. Kuta, dari na sakafu zote ni barafu, na mwanga ukipita ndani yake unaona si nyeupe, ni rangi ya bluu yenye viputo vidogo vya hewa vilivyofungiwa humo kwa miaka ambayo hakuna aliyekuwepo kuihesabu. Mama alivua glovu ya mkono wa kulia. Akaweka kiganja ukutani, akakiacha hapo mpaka kikaanza kuuma, akakiondoa, akakitazama kilivyolowa, kisha akakinusa. Hakusema kitu. Watu walipita nyuma yetu wakipiga picha, nami sikupiga, kwa sababu niliona nikitoa simu nitakuwa nimeuondoa wakati ule mikononi mwake.

Nje, penye uwanda wa theluji, mwalimu wa jiografia alirudi. Kusini yetu uliteremka mto wa barafu wa Aletsch, mrefu kuliko yote katika Alpi, wenye urefu wa kilometa 20 hivi. Nilimweleza kwamba hapa tuliposimama maji yanagawanyika: yatokanayo na upande wa Aletsch huingia mto Rhône na kuishia bahari ya Mediterania, na ya upande wa kaskazini, ambayo ndiyo yetu ya kuyafuata, huenda Aare, kisha Rhine, hadi Bahari ya Kaskazini. "Na ya kwetu," alisema kwa sauti ya darasani, "huingia Kikuletwa na Ruvu, yakakutana bwawa la Nyumba ya Mungu, yakateremka na Pangani hadi Bahari ya Hindi."

Kisha akauliza swali ambalo nilijua litakuja: na hii nayo inapungua? Inapungua. Vipimo vya Uswisi vinaonyesha kwamba katika miaka miwili tu, 2022 na 2023, barafu ya nchi hiyo ilipoteza takriban asilimia 10 ya ujazo wake. Mwaka uleule wa 1912, treni ya kwanza ilipofika hapa, ndipo barafu ya Kilimanjaro ilipopimwa na kuchorwa kwenye ramani, na tangu hapo zaidi ya asilimia 80 ya eneo lake imetoweka. Mama hahitaji takwimu hizo. Mjomba alipoanza kazi, miaka ya themanini, alikuwa akirudi na kueleza ukuta wa barafu uliokuwa jirani na njia ya kileleni, na kila baada ya miaka michache alikuwa akieleza kwamba umesogea mbali zaidi. Ng'ambo ya safu hii ya milima, katika bonde la Lötschental, kijiji cha Blatten kilifukiwa tarehe 28 Mei 2025 baada ya barafu na mawe kuporomoka kutoka mlimani. Watu wapatao 300 walikuwa wamehamishwa siku chache kabla. Nilimsimulia hayo tukiwa kwenye treni ya kuteremka, naye akaniomba nimwonyeshe mahali hasa kwenye ramani, akapawekea alama kwa kalamu.

Siku ya tatu tulianza kuteremka na maji. Kituo cha kwanza kilikuwa Trümmelbach, bondeni, ambako maporomoko kumi yamejificha ndani ya mlima. Unapandishwa kwa lifti iliyochongwa kwenye mwamba, kisha unashuka kwa ngazi na vijia vyenye vyuma vya kushikilia huku maji yote ya barafu za Eiger, Mönch na Jungfrau yakipita kando yako katika mpasuko mwembamba wa jiwe, hadi lita 20,000 kwa sekunde yanapokuwa mengi. Mwamba unatetemeka chini ya viatu. Hatukuweza kuzungumza, ila Mama alinishika mkono na kunionyesha kwa kidole jinsi maji yalivyolichonga jiwe likawa laini na la mviringo kama ndani ya chungu. Chukueni koti la mvua, na wenye watoto wadogo sana wawaache nje.

Kutoka hapo mto unafuatana na reli. Maji ya Lütschine hayana uwazi, yana weupe wa kijivu kama maji yaliyooshea mchele, kwa sababu yamebeba unga laini wa mawe uliosagwa na barafu. Kwenye kituo cha Zweilütschinen mto huo mweupe unakutana na ndugu yake mweusi kutoka Grindelwald, kisha pamoja huingia ziwa la Brienz. Tulipanda meli Interlaken, na hapo nilielewa kitu nilichokuwa nimekisoma bila kukiamini: unga uleule wa mawe, ukishatawanyika katika ziwa lenye kina cha mita 260, hulifanya liwe na rangi ya feruzi. Mama alikaa sitaha ya mbele safari nzima. Ziwa la Thun, ambalo hufuata, ni la bluu zaidi, kwani mzigo mwingi umeshatua katika lile la kwanza. Thun tulilipita kwa treni tu.

Bern tuliingia siku ya nne asubuhi. Mji huu ulianzishwa mwaka 1191 ndani ya kona kali ya mto Aare, ambao unauzunguka pande tatu, na baada ya moto mkubwa wa mwaka 1405 ulijengwa upya kwa mawe ya mchanga yenye rangi ya kijivu inayoelekea kijani. Mji wa kale umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 1983. Kuna mnara wa saa ambao wageni husubiri chini yake, na kuna nyumba ya Kramgasse 49 alikokuwa akiishi Albert Einstein mwaka 1905. Kilichotufaa zaidi sisi ni baraza: kilometa 6 za njia zilizoezekwa mbele ya maduka, ambazo mtu mwenye umri wa Mama huweza kuzitembea siku nzima bila jua wala mvua kumpata. Visima vya mawe vya mitaani hutoa maji ya kunywa bure, na anayelala hotelini Bern hupewa kadi ya kupanda mabasi na tramu za mjini bila malipo.

Mji huo una uhusiano na mlima wetu ambao wengi hawaujui. Tarehe 6 Oktoba 1889, Hans Meyer wa Leipzig na Ludwig Purtscheller wa Austria walifika kilele cha Kibo, wakiwa wa kwanza kuandikwa kwamba wamefika. Siku hiyo Purtscheller alikuwa akitimiza miaka 40. Watu wa Marangu humtaja Yohani Kinyala Lauwo kuwa ndiye aliyewaonyesha njia. Purtscheller alifariki mwaka 1900, na alifia hapa hapa Bern. Nilimwambia Mama hayo tukiwa juu ya daraja, maji yakiwa chini yetu, naye akasema kwamba angependa watoto aliowafundisha wangeliambiwa hilo wakiwa darasani.

Mchana tulishuka Marzili, bustani ya kuogelea iliyo kando ya Aare chini ya jengo la Bunge, ambako hakuna kiingilio. Wakati wa kiangazi wakazi wa Bern hupanda kwa miguu kando ya mto, huingia majini huko juu, na kuachia mkondo uwarudishe mjini, kisha hushika vyuma vyekundu vya ngazi za kutokea. Mto unakwenda kasi na ni wa baridi, na asiyejua kuogelea vizuri asithubutu. Mimi niliingia pamoja na rafiki mwenyeji anayeujua. Aliniambia nizamishe masikio, nami nikazamisha, nikasikia mlio mwembamba usiokatika, kama mchele unaopepetwa kwenye ungo: ni changarawe zinazosogea chini ya mto. Nilipopita mbele ya Mama, aliyekuwa ameketi kwenye nyasi miguu ikiwa majini, alininyooshea mkono, na mkondo ukanipitisha.

Jioni alimpigia simu mjomba, akiwa bado ukingoni hapo. Marangu ilikuwa saa moja mbele yetu, na kulikuwa kumeshaingia giza. Alimsimulia kwa mpangilio, tangu juu hadi chini, bila kuruka ziwa wala kituo. Mjomba alisikiliza, kisha akauliza, "Ulipoishika, ndani yake ilikuwa na rangi gani?"

"Bluu, kaka. Bluu yenye viputo."

"Ndiyo hiyo," alisema mjomba. "Na ya kwetu ilikuwa hivyo hivyo."